Kuchangisha kwa Hisani Mkiwa Wachache: Mwongozo Kamili kwa Klabu Ndogo ya Kujitolea

Klabu yetu hapa Moshi ina wanachama 22. Wamo walimu, muuguzi mstaafu, fundi cherehani, wenye maduka watatu, dereva wa daladala, na mimi ninayeshika daftari la fedha. Mfadhili wa nje hatuna. Tunachangisha mara mbili kwa mwaka, na lengo letu halijawahi kuvuka milioni moja.

Watu wa mji huu hutoa. Wanachanga harusi, misiba, ujenzi wa kanisa na msikiti, na bado hubaki na kitu mfukoni kwa ajili ya mtoto wa mtu wasiyemjua. Kinachowachosha ni kutoa kisha kimya kikatanda. Kwa hiyo mwongozo huu wote nimeujenga juu ya jambo moja: aliyetoa 2,000 ana haki ya kujua ilinunua nini, na klabu inayomjulisha itamkuta mlango ukiwa wazi mwakani. Mengine humu, pilau, mnada, vibubu, ni njia tu za kufika hapo.

Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa kofia na mashati ya wanafunzi wenye ualbino, kwa kuwa ndio uliotufundisha zaidi. Bei nilizoandika ni za kupigia hesabu. Weka za soko lako.

Hatua ya 1: Nenda kwa mwenye shida kabla ya kwenda kwa mwenye pesa

Wazo letu la kwanza lilikuwa mafuta ya kupaka. Ngozi yenye upungufu wa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na saratani ya ngozi huondoa watu wenye ualbino wakiwa bado vijana. Basi tukasema tununue chupa za mafuta, tugawe, tupige picha, tumalize.

Kabla hatujachapisha kadi hata moja, tulimtuma muuguzi wetu akaongee na wahudumu wa kliniki ya ngozi, na viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino, na wazazi wanne. Alirudi na habari zilizopindua mpango mzima. Mafuta yapo. Pale hospitali ya KCMC kuna kitengo kinachotengeneza mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hutolewa kupitia kliniki. Wazazi walichokosa ni nauli ya kuifikia kliniki, kofia ya maana, na shati la sare lenye mikono mirefu. Watoto walikuwa wanavaa kapelo. Kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo nje, na huko ndiko jua linakoanza kazi yake.

Laiti tungenunua mafuta, tungekuwa tumetumia pesa za watu kununua kitu ambacho mtoto angekipata bure kwa nauli ya shilingi elfu chache.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza msiombe hata senti. Ulizeni. Nani tayari anasaidia jambo hili, na anaishia wapi? Mtu mwenyewe anasema anahitaji nini, kwa maneno yake? Kitu hicho kikiharibika nani atakitengeneza? Nani anaweza kukizuia kisitumike? Swali hili la mwisho lilituokoa: shule nyingi zina sheria kali za sare, kwa hiyo tulipata kwanza barua ya walimu wakuu kuruhusu kofia na mikono mirefu. Bila barua ile kofia zingekaa kabatini.

Kisha chagueni kitu kinachohesabika. "Kusaidia watoto wenye ualbino" hakuhesabiki, na mchangiaji hawezi kujua umefika wapi. "Kofia 48, mashati 24 na nauli za kliniki kwa wanafunzi 24" kunahesabika. Klabu ya kwanza ya Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, ililifahamu hili mapema: kati ya kazi zake za mwanzo kabisa kwa jamii, kuanzia mwaka 1907, ilikuwa kupigania choo cha umma katikati ya jiji. Choo ni kitu ambacho mpita njia anaweza kukiona na kukitumia.

Vipimo viandikeni kabla ya kumwita fundi. Kofia yetu: ukingo wa sentimita 7.5 kuzunguka pande zote, kitambaa kizito (kinyanyue juani, ukiona mwanga unapenya, rudisha dukani), kamba ya kidevuni ili upepo usiichukue, rangi iliyokubaliwa na shule. Kila mtoto kofia mbili, kwa sababu moja ikifuliwa jua halisubiri ikauke.

Hatua ya 2: Hesabu ya lengo

Kofia 2 kwa 7,000 ni 14,000. Shati 1 ni 12,000. Nauli ya mtoto na mzazi kwenda kliniki na kurudi, 5,000. Kwa kila mwanafunzi inakuwa 31,000, na kwa 24 ni 744,000. Tukatangaza lengo la 750,000.

Hapo hamna mafuta ya gari la kugawia, vocha, wala maji ya kikao. Hizo tulizilipa wenyewe kutoka ada ya uanachama. Klabu za Lions, nazo za kujitolea, zilizoanza mwaka 1917, zina kanuni ambayo nashauri kila klabu ndogo iichukue ilivyo: pesa ya uendeshaji wa klabu na pesa iliyochangwa na umma hukaa mbalimbali, na ya umma hairudi kamwe kuendesha klabu. Gharama za moja kwa moja za tukio, kama mchele wa pilau, zinaruhusiwa kukatwa. Chai ya wanachama hapana.

Kanuni hiyo hukupa sentensi moja ya kusema mbele ya mtu yeyote: "Kila shilingi unayotoa inakwenda kwenye kofia." Ukiwa na uhakika nayo, sauti haitetemeki.

Hatua ya 3: Karatasi na akaunti

Hapa wengi huona uvivu, na ndipo klabu hufia. Nitaeleza kwa kifupi yanayohitajika Tanzania.

Klabu iwe na usajili unaojulikana, ama kama jumuiya ama kama shirika lisilo la kiserikali, na katiba inayosema nani anaidhinisha malipo. Mkiwa kikundi tu, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaelekeza. Kisha mpeleke barua kwa mtendaji wa kata, ikieleza mnachangisha nini, kwa nani, kuanzia lini hadi lini. Nakala iliyogongwa muhuri wekeni kwenye jalada, na ya pili awe nayo kila anayepita madukani.

Mkiandaa matembezi ya hisani au mkutano mahali pa wazi, polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Sisi hupeleka wiki mbili kabla, maana trafiki nao hupanga watu wao. Walioko Kenya, sheria yenu inataka taarifa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla.

Bahati nasibu tumeiacha. Tiketi za kushinda jogoo au simu zinaangukia kwenye Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na vibali vyake. Isitoshe, Waislamu na Walokole wengi hawatashiriki, na huna sababu ya kumfungia mlango mtu mwenye moyo wa kutoa. Mnada unaleta msisimko uleule bila kamari.

Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa pesa, na watatu hao wasiwe ndugu wala mume na mke. Kwa malipo ya simu, chukueni Lipa Namba yenye jina la klabu. Msitumie namba ya mtu binafsi. Mara yetu ya kwanza kabisa pesa ziliingia kwenye simu za wanachama watatu, zikachanganyika na hela zao za kodi na za karo. Ilituchukua wiki mbili kuzichambua, na mwishowe 37,000 hazikupata maelezo. Hakuna aliyeiba. Tulizilipa wenyewe kwa kuchangishana, lakini wapo waliolisikia lile pengo na hawakusikia kwamba liliziba.

Hatua ya 4: Chagua majira

Kwa Kilimanjaro hakuna msimu kama Desemba. Watu wa huku walioko Dar, Arusha, Mwanza na nje ya nchi hurudi nyumbani kwa Krismasi, na hurudi wakiwa na bonasi na hamu ya kufanya jambo kwao. Mnada wa Desemba 27 unaweza kukusanya mara tatu ya mnada wa Agosti. Januari acheni: ada, sare, madaftari, kila mtu ameshika kichwa. Wakati wa Ramadhani msiuze chakula mchana. Andaeni futari ya pamoja, au subirini Idi ipite. Mkoa wa wakulima uangalie mavuno. Kwa jambo letu tarehe ilijileta yenyewe: Juni 13 ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, na watu huwa tayari wamesikia habari hizo redioni.

Mwaka wa uchaguzi unahitaji tahadhari. Mgombea atakuja na bahasha nene na wapiga picha. Sisi tuliamua mapema, tukaandika kwenye muhtasari wa kikao: mwanasiasa anakaribishwa kuchangia kama mkazi, risiti kama ya mwingine, bila kushika kipaza sauti. Kaamueni kabla hajafika. Akishafika, hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia.

Hatua ya 5: Njia tatu zinazotufaa

*Vibubu.* Kibubu cha mbao kina faida ambayo boksi la plastiki halina: hakina mlango. Ukitaka kilichomo, ukipasue. Tulitengeneza 10, tukavipa namba, tukabandika karatasi ya lengo, tukaviweka kwa wenye maduka tuliowasainisha. Kibubu kikae karibu na droo ya chenji, maana humo huingia mia mbili na mia tano zinazorudi. Kwa mwezi mmoja vilileta kidogo, wastani wa 11,000 kila kimoja. Ila kila aliyenunua sukari aliisoma ile karatasi, na tulipokuja na kadi za pilau hatukuhitaji kujieleza upya. Vipasuliwe siku moja, mbele ya wenye maduka wenyewe.

*Pilau.* Hii ndiyo ngome yetu. Bajeti ya sahani 120, kwa 5,000 kila moja:

- Mchele kilo 20: 56,000
- Nyama kilo 12: 132,000
- Mafuta lita 3: 18,000
- Viungo, vitunguu, viazi: 30,000
- Kachumbari na ndizi mbivu: 20,000
- Mkaa: 15,000
- Mpishi: 40,000
- Vifungashio 120: 30,000

Jumla 341,000. Sahani zote zikiisha utapata 600,000, ikabaki 259,000. Lakini ona jambo hili: sahani 68 za kwanza hazijamvisha mtoto yeyote kofia. Zinarudisha gharama tu. Mvua ikinyesha ukauza 60, umechangisha hasara.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, mchele na nyama ziombwe. Mwenye duka la nafaka anayeona uzito kutoa 60,000 taslimu atakupa gunia dogo la mchele kwa moyo mweupe, kwa sababu kwake ni mali ya dukani. Bucha vilevile. Vitu hivyo viwili vikitolewa, gharama inashuka hadi 153,000, na sahani ya 31 tayari inaingiza faida. Ya pili, kadi ziuzwe kabla. Msiwashe jiko hadi kadi 80 zimelipiwa. Ofisi za halmashauri, benki, shule, gereji, kila mahali pana mtu mmoja anayekusanya oda za chakula cha mchana. Mtafuteni huyo, mpeni kadi kumi na sahani ya bure.

Mpishi mlipeni hata akijitolea nusu. Pilau ikiungua, wateja hawatakumbuka watoto, watakumbuka moshi. Kilo moja ya mchele sisi huhesabu sahani 6 za kushiba. Msipunje ili kuongeza faida, mteja anaiona sahani kabla hajaliona bango. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo pangeni mapema mtabebea nini.

*Mnada.* Aliyekulia huku anaujua mnada wa mavuno baada ya ibada. Mkungu wa ndizi, jogoo, asali, mayai kumi kwenye sahani. Mkungu wa 15,000 unaondoka kwa 60,000, kisha aliyenunua anamzawadia bibi aliyekaa nyuma, au anaurudisha mezani uuzwe tena. Nimeona keki moja ikiuzwa mara nne na ikarudi kuliwa na watoto.

Mnada mzuri unahitaji vitu visivyozidi 15, la sivyo watu huchoka na bei huporomoka. Anzeni na kitu cha bei nafuu ili mwenye 3,000 naye anyooshe mkono mapema, akishashiriki atabaki. Keki iwe katikati, wakati joto limepanda, isisubiri mwisho watu wakiwa wanaangalia saa. MC awe anayejua majina ya watu na anayejua kunyamaza. Kumwita mtu kwa jina na kumshinikiza mbele ya kadamnasi ("Mzee Fulani hawezi kushindwa na elfu hamsini!") kunaleta pesa siku hiyo na kumpoteza mzee huyo moja kwa moja. Tumekataza.

Karani wa mnada akae mbele na daftari lenye safu nne: kitu, mnunuzi, bei, amelipa au ameahidi. Bila karani, mnada ni kelele.

Hatua ya 6: Namna ya kuomba

Nendeni wawili wawili, mmoja akiwa anafahamika mtaani hapo. Saa 4 asubuhi duka limeshatulia. Asubuhi sana mfanyabiashara hajauza, na wengi hawapendi kutoa pesa kabla ya kuuza. Salamu kwanza, na isiwe ya haraka.

Mazungumzo yetu huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni."

"Ahsante mzee wetu, biashara inakwendaje? … Tumekuja na ombi. Wapo wanafunzi 24 wenye ualbino katika shule zetu. Jua linawachoma masikio na shingo kwa sababu hawana kofia za kufaa. Kofia moja ni 7,000. Barua ya mtendaji hii hapa, na kofia yenyewe hii."

Kofia ile mkononi ilifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Watu waliigeuza, wakaivaa, wakaulizana bei ya kitambaa. Kila mnapochangisha, bebeni mfano wa kitu chenyewe.

Kisha mnyamaze. Msimtajie kiwango. Akiuliza "watu wanatoa ngapi?" mwambieni ukweli: "Yupo aliyetoa 1,000 na yupo aliyetoa 50,000, mzee, wote tumewaandika." Akisema hana leo, mshukuruni kwa dhati na mumwachie karatasi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi msimhukumu mtu kwa ukubwa wa duka lake.

Muislamu akisema anatoa zaka, muulizeni na mwandike hivyo. Zaka ina watu wake wanaostahiki na haifai kuchanganywa na pesa ya pilau. Sisi huifungia bahasha yake, na mchangiaji ndiye anayetuelekeza imfikie nani.

Ujumbe wa simu uwe mfupi, na jina la akaunti lionekane:

"Ndugu, tunachangia kofia 48, mashati 24 na nauli za kliniki kwa wanafunzi 24 wenye ualbino. Lengo ni 750,000. Mpaka leo 312,000. Changia kwa Lipa Namba iliyo kwenye kadi yetu. Jina litakalotokea ni la klabu. Likitokea jina jingine, usitume. Mwisho Juni 10. Hesabu kamili tutaileta Juni 30."

Ile sentensi ya "likitokea jina jingine" tuiheshimu sana. Matapeli hunakili ujumbe wa michango na kubadili namba tu. Na nyinyi mkipokea malipo, msikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mlipaji. Angalieni salio lenu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe na kuhesabu pesa

Gaweni kazi ili anayepokea pesa asiwe anayegawa chakula, na anayehesabu asiwe aliyepokea. Kwa watu 22 inawezekana. Risiti zitoke kwenye kitabu chenye namba na nakala, hata kwa mia tano.

Kuhesabu kufanyike palepale, kabla mtu hajaondoka. Wawili wanahesabu, kila mmoja peke yake. Wa tatu anaandika. Noti zipangwe kwa thamani, sarafu zifungwe kwenye karatasi. Hesabu mbili zisipolingana, rudieni, msikubaliane kwa mazungumzo. Kisha karatasi isainiwe na watatu, ipigwe picha, itumwe kwenye kundi la klabu usiku huohuo. Pesa zilale kwa mtu mmoja anayejulikana, zikiwa zimefungwa, na asubuhi inayofuata ya kazi ziende benki zote. Msilipe deni la mkaa kutoka kwenye fuko hilo. Ingizeni zote, kisha mtoe ya kulipia, ili karatasi ya benki isimulie hadithi ileile ya daftari.

Mali bila daftari huisha bila habari. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, ila maana yake nimeijua kwa zile 37,000.

Hatua ya 8: Ahadi

Kila aliyewahi kukaa kamati ya harusi anajua kwamba ahadi si pesa. Katika mnada wetu, ahadi zilikuwa 180,000, na zilizoingia ndani ya mwezi ni 125,000. Kwa hiyo msiagize kofia kwa kutegemea ahadi.

Mwenye ahadi akumbushwe mara mbili tu, na akumbushwe na mtu aliyemzoea. Mara ya kwanza baada ya siku 7, mara ya pili siku tatu kabla ya kufunga hesabu: "Dada, tunafunga hesabu Ijumaa, nikuandike au nikuache kwa msimu ujao?" Hayo maneno "msimu ujao" humpa mtu mlango wa heshima. Maisha hubadilika kati ya Jumamosi na Ijumaa. Mtoto huugua, mshahara huchelewa. Majina ya wasiolipa hayasomwi popote.

Hatua ya 9: Kununua, kukabidhi, na suala la picha

Chukueni bei kwa mafundi watatu, kwa maandishi. Fundi wetu mwanachama naye alileta bei yake, akatoka nje wakati wa kuamua. Alishinda kwa 500 kwa kila kofia, na kwa sababu alitoka nje hakuna aliyenung'unika. Tengenezeni kofia mbili za majaribio, zivaliwe na watoto wawili kwa wiki moja. Wetu walisema kamba inawakwaruza kidevuni. Ikabadilishwa kabla ya kushona zilizobaki.

Sasa picha. Hapa nitasema kwa uzito wote nilionao. Watu wenye ualbino nchini mwetu wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina. Picha ya mtoto, jina lake, shule yake na kijiji chake, vikikaa pamoja mtandaoni, ni ramani. Hakuna mchango unaostahili bei hiyo. Sisi hatupigi picha za nyuso. Tunapiga kofia zikiwa zimepangwa mezani, mikono ya fundi, mwalimu akisaini hati ya makabidhiano. Majina ya watoto yako kwenye jalada moja lililofungwa, na taarifa yetu husema "wanafunzi 24, shule 9" basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, ila hata mzazi akiridhia, jiulizeni kama mnaihitaji kweli.

Kwa misaada mingine hatari ni ndogo, lakini aibu ipo palepale. Mtoto wa darasa la sita hataki kusimamishwa mstarini apewe shati huku wenzake wakimtazama. Tuliwapa walimu, wazazi wakaja kuchukua.

Nauli tuliipeleka kwa awamu: siku ya kliniki, mzazi anapewa na mwalimu, anasaini. Muuguzi wetu anasubiri kule na kuhakikisha mtoto ameonwa.

Hatua ya 10: Kurudisha hesabu

Tarehe ya hesabu itangazwe siku ile ile ya kuanza kuchangisha, kama tulivyofanya kwenye ujumbe. Ukurasa mmoja unatosha. Wetu ulisomeka hivi:

Vibubu 10: 110,000. Pilau, baada ya gharama: 402,000. Mnada, baada ya gharama: 213,000. Michango ya moja kwa moja: 58,000. Jumla: 783,000.

Kofia 48: 336,000. Mashati 24: 288,000. Nauli: 105,000, watoto 21 waliofika kliniki. Jumla: 729,000. Baki: 54,000.

Tuliandika wazi kwamba watoto watatu hawakufika kliniki, wawili kwa sababu familia zilihama, mmoja kwa sababu mzazi alikuwa anaumwa. Mwenzetu mmoja alitaka tuliache hilo. Nilikataa, na nafurahi nilikataa, kwa maana mwenye duka la nafaka aliusoma ukurasa ule, akatupigia simu kuuliza habari za yule mtoto wa tatu, kisha akatoa gari lake kumpeleka.

Ukurasa ubandikwe kwenye kila duka lililokuwa na kibubu, pale pale kibubu kilipokaa. Upelekwe kwa mtendaji, usomwe kanisani na msikitini mlikotangaza, utumwe kwa kila namba iliyochangia. Waliotoa mchele na nyama waandikwe kwa thamani yake; zile 188,000 zao (mchele 56,000 na nyama 132,000) ni mchango kama wa mwingine yeyote. Daftari, risiti na karatasi za benki zikae wazi kwa mwanachama na mchangiaji yeyote atakayetaka kuziona, saa za jioni, kwa mweka hazina.

Zile 54,000 zilizobaki hatukuzihamishia kwenye jambo jingine, kwa sababu watu walitoa kwa ajili ya kofia. Watoto hukua na vichwa vyao hukua, na tayari mwalimu mmoja ametuletea majina mawili ya darasa la kwanza. Fundi ameshachukua vipimo vyao.